Mwanatumu na Nywele za Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Nianze, au mmeshaanza kusinzia?

Anza, bibi, masikio yote ni yako!

Haya. Hapo kale palikuwa na msichana akiitwa Mwanatumu, akiishi na mama yake, Bi Saumu. Binti alikuwa mzuri, ameshaposwa, ila kichwa chake kilikuwa na mba. Si mba ya kutafuta kwa taa, la! Mba ya kudondoka.

Siku moja akaenda kisimani, kanga ikamteleza. Wenzake wakaona mabega meupe.

"He, Mwanatumu! Umetoka kusaga unga?"

Wakacheka mpaka wakamwaga maji. Mwanatumu alitamani ardhi ipasuke immeze. Akarudi nyumbani analia.

Mama yake hata kichwa hakukitazama. "Jifunike, mwanangu. Mchumba akisikia, posa itavunjika. Tutaziweka wapi nyuso zetu?"

Basi, akajifunika. Akashindilia mafuta ya nazi juu ya mba, akafunga kitambaa, asioshe, maana akiosha ataonekana. Nanyi mnajua, uchafu ukipakwa mafuta hauondoki, unanenepa. Kichwa kikawasha, kikatoka vidonda, kikaanza kunuka.

Siku moja kuwashwa kukamzidi. Akakimbilia msituni, akavua kitambaa, akajikuna kwa mikono miwili.

"Mmh! Nasikia harufu ya aibu."

Zimwi hilo, limekaa kisikini, jicho moja, nywele mpaka ardhini!

"Usinile!" akalia Mwanatumu.

"Nikule na mba hiyo? Sina njaa kiasi hicho. Mimi nataka mtu wa kunipikia. Sikiliza. Nitakupa nywele nyeusi, laini, zifunike kila kitu. Lakini kila utakapokataa kushikwa kichwa, zitarefuka. Zikigusa ardhi, nitakuburura nazo mpaka jikoni kwangu."

Mwanatumu akawaza: arusi i karibu, nani atataka kunishika kichwa? Akakubali, na hapo hapo nywele zikamwota mpaka mabegani. Aibu bwana, humpumbaza mtu! Alisahau kwamba kwao mwari haendi kwa mume mpaka somo yake, yule mama anayemfunda, amemwosha kichwa mbele ya wanawake wote.

Basi, somo akaja, Bi Riziki. "Njoo, mwanangu, nikuoshe kichwa."

"Kichwa kinaniuma, Somo."

"Mwache, Somo, mwana ana haya," mama akadakia.

Nywele zikashuka mpaka kiunoni. Kutoka msituni sauti ikaimba:

Kataa, niongeze! Kataa, niongeze!
Zikifika chini, nikubebe!

Siku nyingine somo akarudi. "Njoo, mwanangu, nikuoshe kichwa."

"Kichwa kinaniuma, Somo."

"Mwache, Somo, mwana ana haya."

Nywele zikashuka mpaka magotini.

Kataa, niongeze! Kataa, niongeze!
Zikifika chini, nikubebe!

Ikafika siku ya arusi. Mkeka umetandikwa, beseni limejaa maji, wanawake wamejaa uani, na wale wa kisimani wamo. Mwanatumu amesimama tu, hathubutu kukaa, nywele zisiguse chini. Zimwi nalo limejibanza nyuma ya ua wa makuti, limepenyeza mkono, limeshika ncha.

"Njoo, mwanangu, nikuoshe kichwa."

Mwanatumu akamtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa: kataa. Akahisi nywele zinavutwa, na kule nyuma sauti inanong'ona:

Kataa, niongeze! Kataa, niongeze!

Akaangua kilio. "Somo, nina mba! Nina vidonda, kichwa kinanuka, naona haya!"

Pu! Nywele zote za zimwi zikaanguka. Zimwi likavuta kwa nguvu, likapiga mweleka na fungu lake la nywele, likatimua mbio.

Uani kukawa kimya. Kila mtu alikiona kichwa kile. Hakuna aliyecheka, na kimya kile kilimuuma Mwanatumu kuliko kicheko. Akajiziba uso kwa viganja.

"Mba?" akasema Bi Riziki. "Mba ndiyo ilitaka kuninyang'anya mwari wangu? Chemsheni majani ya mwarobaini, mniletee yakipoa. Kateni na shubiri. Na mafuta hayo wekeni mbali mpaka kichwa kipone."

Wale wa kisimani wakatoka kwenda kuchuma, wameinamisha nyuso.

Maji yalipokuja, Bi Saumu akasogea, akainua mkono. "Somo, nipe hiyo kata ya maji, nimwoshe mimi. Mimi ndiye niliyemwambia ajifunike. Niliogopa midomo ya watu kuliko nilivyomhurumia mwanangu."

Mwanatumu akalaza kichwa magotini kwa mama yake, uso bado kauziba. Mama akamwosha polepole kwa maji ya mwarobaini, akampaka utomvu wa shubiri, akausuuza, na machozi yake yakawa yanadondokea mle mle besenini.

Arusi ikasogezwa mbele. Mchumba akaambiwa ukweli, akangoja. Mba haikuondoka siku hiyo, wala aibu haikuondoka siku hiyo. Mama aliosha, akaosha tena, mpaka siku moja Mwanatumu akaondoa viganja usoni, akasema, "Mama, maji ni ya moto kidogo."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye ya kwake naye aitoe. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na wewe mzazi, mtoto akikuletea kidonda, mwoshe kwanza, ya majirani baadaye.