Vumbi la Nyumba ya Zimwi

Sogeeni karibu, ngano inaingia. Enzi hizo anga lilikuwa jeusi tupu, maana zimwi alizificha nyota nyumbani kwake, kileleni mwa mlima kusikokucha. Akamwiba Mize, mke wa mfinyanzi, akamfungia humo.

"Fagia! Vumbi likiisha, nakuachia."

Mize akafagia, nyota zikapukutisha vumbi jingine. Akafagia tena, likazidi. Akafagia mara ya tatu, likamfika magotini, pumzi zikambana.

"Nilitupe nje?"

"Usiku? Kwenu hukufundwa? Anayetupa taka usiku anatupa mali ya nyumba. Ngoja kuche."

"Na huku kunakucha lini?"

Zimwi akacheka. "Hakukuchi, bibie!"

"Mlaghai mkubwa! Basi mali yenyewe ni yako, si yangu."

Akalimwaga lote dirishani. Likatanda angani mawingu mawingu, mekundu, ya samawati, ya rangi ya maziwa, na nyota zote zikalifuata. Mize akaduwaa kwa uzuri ule. Zimwi akapiga yowe, akabomoa ukuta, akaikimbilia mali yake.

Mize akatokea palipobomoka, akashuka mlima akiona kila jiwe.

Ngano imefika kwao. Nanyi nendeni kwenu.