Kiboko Akalia Tundu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na wake, vyungu na kamati, waliungana kujenga bwawa ili kiangazi kisiwamalize. Mkubwa wa kazi alikuwa Tembo. Na Tembo, jamani, alipenda kitu kimoja tu: mbiu.

Ukitaka jembe, mbiu. Ukitaka maji ya kunywa, mbiu. Ngedere akipuliza "Puuu! Puuu!", wote watue mizigo, waje barazani, wakae, wamsikilize Tembo akisalimia ukoo mmoja mmoja. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, husema wenye akili. Ya Tembo ililia hata jambo likiwa hakuna.

Nguchiro, mdogo kuliko wote, alikuwa na nyumba yake chini ya tuta la bwawa. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa alisikia, "Chururu! Chururu!" Akatoka. Lo! Tuta limetoboka, na maji yanaelekea mlangoni kwake. Ndani mlikuwa na mkewe na vitoto ambavyo hata macho havijafumbua. Hofu ikamshika, akapanda mbio mpaka kwa Tembo.

"Bwana mkubwa, tuta linatoboka! Nipe mtu mmoja mzito, mmoja tu!"

"Umepita kwa mpiga mbiu?"

"Mbona maji hayakupita kwa mpiga mbiu, bwana?"

"Koma! Hapa kwetu neno haliambiwi mtu mmoja. Neno huambiwa wote."

Puuu! Puuu! Wakaja wote. Tembo akasalimia, akakohoa, akasalimia tena. Mwishowe akasema, "Ndugu zangu, kuna tundu. Tulizibe."

"Tulizibe!" wakaitikia, na makofi juu, pa pa pa!

Kisha? Kiboko akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Kiboko. Kila mmoja akaona mwenzake ameambiwa, basi yatosha. Wakarudi kulala. Miili kama maghala, ndani hata punje hamna!

Nguchiro alirudi tutani karibu kulia. Tundu sasa lingeweza kummeza yeye mzima.

"Haya," akajisemea. "Mmeambiwa wote, hakusikia hata mmoja. Ngoja nimwambie mmoja."

Akamwendea Kiboko, akapanda begani, akamnong'oneza.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Usimwambie mtu. Kiti cha ukubwa kimefichwa tutani, pale panapotoka maji. Atakayekikalia ndiye mkubwa wa kazi."

"Ee! Nani mwingine anajua?"

"Wewe peke yako, mzee wangu."

Kiboko, ambaye jana alishindwa kunyanyua jembe, alitimka mbio mpaka ardhi ikatetemeka. Pwaaa! Akakalia tundu. Maji yakanyamaza.

Nguchiro huyo, mpaka kwa Nyati. "Shikamoo, Mjomba Nyati. Usimwambie mtu. Kiboko amekalia kiti chako cha ukubwa."

"Changu?"

"Chako!"

Nyati akaja vuuu, akamsukuma Kiboko kwa kichwa. "Toka!"

"Sitoki!"

"Toka, nasema!"

Kadiri alivyomsukuma ndivyo Kiboko alivyozidi kuzama topeni, na kwato za Nyati zikashindilia udongo pembeni, pwata, pwata, mpaka tuta likawa gumu kuliko siku lilipojengwa. Nyati akachoka, akaondoka amenuna.

Kiboko yeye hakuondoka. Kila asubuhi Nguchiro hupita pale na watoto wake, wakavu, wameshiba, akasimama kumwamkia.

"Shikamoo, Mkubwa wa Kazi!"

"Marahaba. Wangali wanakitaka kiti changu?"

"Wanakifia, mzee! Usithubutu kunyanyuka!"

"Ng'o!" husema Kiboko, akajisogeza vizuri zaidi topeni.

Basi watoto wangu, neno la kazi lipelekeni kwenye sikio la atakayeifanya, maana aliyewaambia wote hajamwambia mtu.