Masufuria Matatu ya Halmashauri

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mji.
— Mji una nini?
Una kiu.
— Tupe tunywe!

Basi tulieni, na wewe mwenye muwa punguza kutafuna. Zamani hizo palikuwa na mji mdogo, Vumbiani. Halmashauri yake ilikuwa na biashara moja tu, kukodisha masufuria matatu makubwa ya shughuli, yale ya kupikia pilau ya mtaa mzima. Kodi yake ndiyo iliyonunua dizeli, na dizeli ndiyo iliyoendesha pampu ya maji. Kodi ikikosekana, bomba linakauka. Mmenifuata?

Msimamizi wa biashara hiyo alikuwa Sikitu, mwanamke asiyejua kukaa. Akikaa, anasimama. Akisimama, anatembea. Akitembea, anakwenda kugonga tangi la mji kwa kidole, asikie kama lina maji. Siku hizo tangi lilikuwa likilia ngo, ngo, ngo, na Sikitu roho ilimuuma, maana watu walimzoea vibaya. Karani akimwoza binti yake, "Lete sufuria, si la mji hilo?" Bure. Diwani akimtahiri mwanawe, "Lete sufuria, si letu sote hilo?" Bure.

Na meya, Bwana Shogholo, ndiye aliyezidi.

"Alhamisi namwoza binti yangu," alimwambia Sikitu. "Nitayataka yote matatu. Na pampu ikizimika, biashara hii namuuzia shemeji yangu."

"Na kodi, mheshimiwa?"

"Kodi? Nijilipe mwenyewe?"

Sikitu alitoka pale na hasira zake. Akaingia mtaa huu, akatokea mtaa ule, akanong'ona na wanawake wawili, Bi Kazija na Bi Masika, akarudi na kopo la rangi nyekundu. Sufuria la kwanza akaliandika LA BI KAZIJA. La pili, LA BI MASIKA. La tatu akaliacha hivyo hivyo.

Harusi ikaliwa. Ijumaa asubuhi bomba likakauka, na masufuria yakarudi matupu, hata masizi hayajasuguliwa. Bi Kazija na Bi Masika wakafunga khanga viunoni, wakaenda moja kwa moja kwa mke wa meya, Bi Zena.

"Shoga, chombo changu unanirudishia kitupu?" akauliza Bi Kazija.

Enyi mnaocheka, nani kwenu hurudisha bakuli la jirani tupu? Hata kama huna kitu, utatia chumvi. Cha serikali hakuna anayekionea haya, lakini cha jirani! Bi Zena alitamani ardhi ipasuke.

"Si la mji lile?" alijitetea.

"Lina jina langu. Huo mji ni nani, kama si mimi?"

"Basi nitawajazia pilau."

"Pilau tumeshiba."

"Niwajazie mchele?"

"Mchele tunao."

"Halua?"

"Halua kwa meno gani, mwanangu?" akasema Bi Masika. "Tuna kiu. Tujazie maji."

Bi Zena akafungua bomba. Likakoroma, likatema hewa. Akamgeukia mumewe.

"Baba Saumu, leo nimeitwa mrudisha vyombo vitupu mbele ya watu. Nenda kanunue dizeli."

Meya akatazama huku, akatazama kule, akaenda. Pampu ikanguruma. Masufuria yakajaa, tangi likajaa, ndoo za mtaa mzima zikajaa. Habari ya kuuza ikafia hapo.

Na Sikitu? Alikaa? Wapi! Alichukua kopo lake la rangi, akaliandika sufuria la tatu, LA MEYA.

Haukupita muda, diwani akaliazima hilo. Siku liliporudi, Sikitu alikuwa anagonga tangi. Akasikia viatu vinakuja mbio. Ni meya, jasho linamtiririka.

"Sikitu, diwani amelirudisha sufuria langu tupu!"

Sikitu hakugeuka. Sikio lake lilikuwa kwenye tangi.

"Si la mji hilo, mheshimiwa?"

"La mji gani? Langu!" Na akaenda mwenyewe kwa diwani kudai kodi.

Nami sufuria langu la maneno nimelimimina lote. Limepita kwenu, mmekula. Mkinirudishia, msinirudishie tupu.