Jiwe la Kalunde

Palikuwa na mtemi mmoja, Lugonzo, aliyependa pombe ya mtama kuliko mashauri ya baraza. Siku moja alipiga funda, akatafuna mchanga. Gego likalia kwata! Kumbe jiwe la kusagia kimea pale ikulu lilikuwa limechakaa, linamomonyokea kwenye unga.

Akatoa amri. Kila mpika pombe alete jiwe lake barazani, nalo liwe jiwe lisilovunjika wala kuchakaa kamwe. Jiwe likishindwa, mwenyewe ananyang'anywa mitungi.

Na jiwe lilipimwaje? Kwa nyundo! Mlinzi Sengo, mtu wa mikono kama magogo, aliinua, akashusha. Pa! Vipande. La pili, pa! Chenga tupu. Wanawake wakarudi nyumbani mikono mitupu, mitungi yao ikachukuliwa na mtemi.

Zamu ikamfikia Kalunde, mjane ambaye mitungi yake ya pombe ndiyo iliyomlisha. Jiwe lake alilitafuta mlimani mwenyewe. Aliligonga akasikiliza mlio, akalilaza majini, akasagia kimea akaonja unga: hata chembe ya mchanga hamna. Lakini nyundo ya Sengo haionji unga. Hata hivyo, ulimi wa Kalunde haukujua kutetemeka.

"Hili ndilo lako?" mtemi akauliza.

"Ndilo, Mtukufu. Nimelipenda hata nikalipa jina."

"Jiwe lina jina!" Mtemi akacheka, tumbo likamtikisika. "Sengo, lipige."

Sengo akainua nyundo.

"Piga, mwanangu," Kalunde akasema kwa upole. "Piga kwa nguvu, watu wote waone kama Mtemi Lugonzo atapasuka."

Nyundo ikaganda hewani. Sengo akamtazama mtemi. Mtemi akamtazama Kalunde.

"Umeliitaje?"

"Mtemi Lugonzo. Nilitafuta jina la kitu kigumu, sikupata jingine."

Baraza likainama, kila mtu akijifanya anakohoa.

"Shusha nyundo hiyo, Sengo! Taratibu!" mtemi akafoka. Kisha akamgeukia mjane. "Mama Kalunde, libadilishe jina."

"Nilibadilishe, Mtukufu? Nikatangaze sokoni kwamba Lugonzo ameondolewa, amewekwa mwingine?"

"Hapana! Liache, liache hivyo hivyo." Mtemi akajikuna kidevu, akitafuta pa kumnasia. Mara uso ukamng'aa. "Haya, halivunjiki. Lakini amri yangu ilisema pia lisichakae. Utasaga, utasaga, na siku moja litachakaa tu. Siku hiyo nitakuja kuchukua mitungi yako yote. Unasemaje?"

Kalunde akalibeba jiwe lake, akaliweka vizuri kichwani.

"Nasema sawa, Mtukufu. Ila unitajie huyo shujaa atakayesimama hapa barazani, mbele yako, aseme Mtemi Lugonzo amechakaa."