Steringi Hafi, Alisema Chui

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa wapi?"

"Pakawa hapa tulipo, anza kabla usingizi haujaanza!"

Haya, sogeeni. Leo nikifika mahali pa kushangaza nitanyamaza, nanyi mtasema "Makubwa!" Na msichoke, maana mimi mwenyewe niliposimuliwa kisa hiki nilishika mdomo mpaka mkono ukafa ganzi.

Hapo kale, wala si kale sana kwa sababu vibanda vya video vilikuwapo, palikuwa na msitu. Msitu ule ukapatwa na ukame. Mto ukakauka, kau! Kisima kikakauka, kau! Ikabaki chemchemi moja tu chini ya mkuyu, na juu ya tawi la mkuyu huo akapanda Chui, akalala, mkia ukining'inia.

"Maji ya nani haya?" aliuliza Chui.

"Yetu sote, Mheshimiwa."

"Yangu. Kila jua likizama mtaniletea mtoto mmoja. Nikishiba, mtakunywa."

"Makubwa!"

Ngojeni, bado. Mnajua wanyama walifanya nini? Walipeleka! Nguruwe akapeleka wake, akarudi analia. Kima akapeleka wake, akarudi analia. Na wale ambao zamu yao haikufika wakanywa maji, wakapangusa midomo, wakasema maji ya mwaka huu ni matamu.

"Makubwa!"

Zamu ikamfikia Digidigi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Mama Kibwe, mjane, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyo Kibwe, ambaye hata kuruka vizuri alikuwa hajajua. Asubuhi ya siku hiyo Mama Kibwe alikaa mlangoni akimlamba mwanawe masikio, analamba, analia, analamba tena.

Akapita Sange. Sange ni kale kanyama kadogo kama panya, pua ndefu kuliko heshima yake. Na heshima hakuwa nayo hata chembe. Kila mchana alikuwa akikimbilia pembeni ya kijiji cha watu, anachungulia kwenye tundu la ukuta wa kibanda cha video, anaangalia filamu mpaka macho yanakuwa mekundu. Msitu mzima ulimsema. Na aliyemsema kuliko wote alikuwa huyuhuyu Mama Kibwe.

"Dada, unalia nini?"

"Leo ni zamu ya Kibwe. We nenda kwenye mafilamu yako, mpuuzi mkubwa."

Sange alimtazama Kibwe, akatazama jua, akaondoka mbio, kwata kwata kwata, kwenda kuwatafuta Kima na Jongoo.

Mchana akatokea chini ya mkuyu. Nyuma yake kuna ukoo mzima wa Kima, wamebeba majani ya mgomba na kamba za mwitu, na mmoja amebeba kibuyu chenye tundu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Nani anaongea? Sikuoni."

"Mimi Sange. Tunatengeneza filamu. Hiyo ni kamera. Tunatafuta steringi, yule mchezaji mkuu."

Chui akafungua jicho moja. "Filamu gani?"

"Ya shujaa wa msitu. Zamani shujaa wa msitu alivaa kipande cha ngozi, akapiga yowe, akabembea kwenye kamba, watu wakapiga makofi. Siku hizi huyo hatazamwi. Siku hizi kila steringi ni jasusi. Anavaa suti, anavaa miwani ya jua, ana saa inayotoa msumeno. Sasa sisi tunataka wa kwetu, jasusi anayebembea."

Chui akafungua na jicho la pili. "Steringi anapata nini?"

"Anapata kila kitu. Anapendwa, anasifiwa, risasi zinamkosa, nyumba inaungua yeye anatoka na suti yake safi."

"Na kufa?"

"Mheshimiwa! Umewahi kusikia wapi steringi amekufa? Muulize mtoto yeyote wa kijijini. Steringi hafi."

"Steringi hafi," alisema Chui polepole, kama anayeonja mchuzi. "Basi ni mimi. Na huyo mwingine, adui, anapata nini?"

"Adui anakaa kwenye jumba kubwa. Anakula minofu na huku anacheka, ha ha ha."

"Anakula?"

"Sana."

"Basi na adui ni mimi."

Hapo hata Sange alishtuka, pua ikamtetemeka. "Mheshimiwa, haijawahi kutokea! Steringi ni mmoja, na adui ni mwingine."

"Nani mwingine hapa ana sura ya kutazamwa? Nyinyi? Nafasi zote zangu! Minofu yote yangu!"

"Mbele ya mashahidi, Mheshimiwa? Steringi wewe na adui wewe?"

"Steringi mimi na adui mimi! Nivalisheni!"

"Makubwa!"

Makubwa kweli. Kazi ikaanza palepale juu ya tawi.

"Jasusi anavaa suti," alisema Sange.

"Nivalisheni!"

Kima wakamzungushia majani ya mgomba, wakakaza kwa kamba za mwitu, kru, kru, kru.

"Inanibana!"

"Suti ya jasusi lazima ibane, Mheshimiwa. Isipobana hiyo ni kanzu."

"Basi kazeni!"

Wakakaza. Mikono ikagandamana na mbavu, vikabaki viganja tu vinachungulia.

"Jasusi anavaa miwani ya jua," alisema Sange.

"Nivalisheni!"

Wakachukua maganda mawili meusi ya mbegu, wakayapaka ulimbo, pa! na pa!

"Sioni kitu!"

"Huoni, lakini unaonekana. Wee! Unavyopendeza!"

"Kweli?"

"Kima wanalia, Mheshimiwa."

Na kweli walikuwa wanalia, wale Kima. Walikumbuka watoto wao.

"Jasusi anavaa saa," alisema Sange.

"Nivalisheni!"

Jongoo akapanda taratibu, akajikunja kwenye kiganja cha Chui, mviringo mzuri, mweusi, unang'aa.

"Na shujaa wa msitu lazima abembee," alisema Sange. Kima wakamfunga kamba nene kiunoni, ncha ya pili wakaizungusha kwenye tawi, wakaivuta, wakaivuta tena. "Kamera!" Kima mwenye kibuyu akakiinua. "Piga yowe, Mheshimiwa, kisha ruka!"

"Aaaaaaaiiiii!"

Ruu! Akaruka. Ngwi! Kamba ikakaza. Akaenda huku, akarudi huku, akaenda, akarudi, akatulia. Chui mzima ananing'inia juu ya chemchemi yake mwenyewe, kichwa chini. Ananusa maji, lakini ulimi haufiki.

"Nimependeza?"

"Sana."

"Sasa nifungueni."

"Hapana, Mheshimiwa. Hapa ndipo steringi ametekwa. Steringi hujifungua mwenyewe. Bonyeza saa, msumeno utoke."

Chui akabonyeza kwa kidole. Jongoo akashtuka, akajikunjua, akanyooka, akatambaa kwenye suti, akapanda kamba, akaenda zake bila hata kuaga.

"Saa yangu inakwenda wapi?"

"Makubwa!"

Jua likaanza kushuka. Na kwenye njia ile akaonekana Mama Kibwe anakuja, Kibwe pembeni yake. Anamleta mwanawe. Hakuna aliyemwambia lolote, maana Sange alijua mama huyu angeshindwa kuficha furaha. Akafika, akaona kinachoning'inia juu ya maji, akakaa chini, pu, kama mzigo uliotuliwa.

"Nani huyo amekuja?" aliuliza Chui. "Ni chakula changu? Nifungueni nile!"

"Jifungue, steringi."

"Siwezi!"

"Steringi anaweza."

Chui akafurukuta. Suti ikambana. Akafurukuta tena. Suti ikambana zaidi. Damu imeshuka kichwani, kiu imempanda, hasira imemjaa, akapayuka kwa sauti iliyosikika mpaka kijijini:

"Basi sitaki! Usteringi wenu sitaki! Nimeacha! Mimi si steringi tena!"

Sange akainua pua.

"Umeacha usteringi?" aliuliza Sange.

"Nimeacha!"

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya yeyote!"

"Ulikuwa na nafasi mbili, Mheshimiwa. Moja umeacha. Umebaki na ipi?"

Ndipo Chui akakumbuka: amebaki adui.

Sange akamgeukia Digidigi. "Mama Kibwe, adui kwenye filamu huwa anaishiaje?"

"Mimi filamu sizijui," alisema Mama Kibwe. Akainuka, akamshika Kibwe, akampeleka mpaka kwenye maji, chini kabisa ya pua ya Chui. "Lakini mwisho wa huyo hata mimi naujua. Kunywa, mwanangu."

Kibwe akainama akanywa, chup, chup, chup, na Chui akasikiliza kila funda. Baada yake wakanywa wote, jua likazama, na hakuna mtoto aliyeliwa.

Mnasema Chui alikufa? Hakufa. Alining'inia mpaka mvua ikaja, kamba ikaoza, akadondoka, pwaa! Akakimbilia milimani na miwani yake. Mpaka leo anakaa peke yake mtini, hataki kuonana na mtu, anaona aibu.

Lakini bado sijafika kwenye mshangao wenyewe. Asubuhi iliyofuata siku ile ya filamu, maji tele, Kibwe anacheza uani, Sange akapita akielekea kijijini. Mama Kibwe akatoka mbio, akamvuta mwanawe sikio.

"Kibwe! Nisikuone tena na yule Sange! Atakuharibu na mafilamu yake!"

Semeni!

"Makubwa!"

Kwa nguvu!

"Makubwaaa!"

Basi funzo la ngano hii ni hili: wazazi, wazuieni watoto wasiangalie filamu, hazifundishi kitu chochote. Na mkubwa akitaka achukue kila kitu, mkatalieni kwa adabu, msithubutu kumpa.

Ngano yangu naitua hapa nilipoichukua. Aliyeshangaa afunge mdomo, nzi wasiingie.