Korongo na Kiwanja cha Panzi

Hadithi iko njiani!

— Ipisheni ipite!

Hapo kale, kale sana, Korongo mwenye taji alifungua shule ya ngoma kando ya bwawa. Wanafunzi wake walikuwa watatu: Kanga, Kwale na Mbuni. Somo lilikuwa moja: kanyaga, kanyaga, ruka! Wakikanyaga nyasi, panzi walishtuka na kuruka, na ndege wakawala. Hakuna aliyetoroka shule.

Korongo alijua habari ya panzi, lakini alipenda kuamini kwamba wanafunzi wanamfuata yeye.

Wakacheza kiwanja kilekile, masika na kiangazi, bila siku ya kupumzika. Nyasi zikalala. Panzi wakapungua.

"Mwalimu," akasema Kanga, "tuhamie ng'ambo, nyasi hizi zipumue."

"Panzi hawatoki kwa sababu unakanyaga kama bibi harusi! Kanyaga!"

Wakakanyaga. Nyasi zikakatika. Kanga akaondoka.

"Mwalimu," akasema Kwale, "ngoma ikivuma sana..."

"Itapasuka kwenu, si kwangu! Kanyaga!"

Wakakanyaga. Mizizi ikatoka nje. Kwale akaondoka.

Akabaki Mbuni. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, vumbi likalifunika taji la mwalimu. Lilipotulia, hapakuwa na panzi wala Mbuni.

Mwalimu bila wanafunzi ni nani, wenzangu? Ni ndege mwenye njaa tu. Korongo akakanyaga peke yake siku tatu. Siku ya nne miguu ikamkataa. Akajilaza ukingoni mwa bwawa, akaishi kwa viluwiluwi na aibu.

Mvua ikanyesha. Hakukanyaga. Nyasi zikachipua, zikamfika shingoni. Panzi wakarudi makundi kwa makundi.

Wanafunzi wakasikia, wakaja mbio. "Mwalimu, umefanyaje?"

Korongo akatengeneza taji. "Nilikuwa naiandaa hatua ya nne: kulala. Ndiyo ngumu kuliko zote. Kuanzia leo tutacheza mwezi hapa, mwezi ng'ambo. Na atakayekosa kupumzika, nitamfukuza!"

Kwale akafungua mdomo. Kanga akamkanyaga kidole.

"Nyamaza, ndugu yangu. Amefika. Njia aliyopitia, tumwachie mwenyewe."

Wakamwachia sifa, wakala panzi.

Basi jueni: ardhi na miguu vyote huhitaji mapumziko, usipovipa, hujitwalia vyenyewe. Na mwalimu akijifunza, msimuulize alijifunzia wapi.

Hadithi yangu imetua. Utamu wake gawaneni; uchungu wake niachieni mimi.