Fisi na Vichaka vya Maziwa Meupe

Mwaka ule vuli haikunyesha, na masika nayo ikafuata mfano wa nduguye. Mto ukawa mchanga mtupu. Katika nyika yote kilichobaki na maji ndani yake ni matunda ya mtandamboo, kichaka chenye miiba mikali, maua meupe yanukiayo na matunda meusi matamu.

Fisi aliyaona kwanza. Naye, kwa kuwa hajapata kugawa kitu tangu azaliwe, alikwenda kwa Simba, mfalme asiyejua mti wowote ila ule anaolalia kivuli chake.

"Mfalme wangu," alisema, "nimechunguza. Kichaka chochote kitoacho maziwa meupe ni sumu. Ukoo mmoja, damu moja. Tazama!" Akavunja kijiti cha mtandamboo; maziwa yakachuruzika.

Simba hakutaka kuonekana hajui. "Nilijua zamani," alinguruma. "Ipigwe mbiu: marufuku kuvigusa."

Wanyama wakakaa mbali na vichaka, midomo imewapasuka, na Fisi akanenepa peke yake.

Digidigi alikuwa na mtoto wa siku tisa. Kwa kiu, maziwa ya mama yalikauka. Mtoto akawa ananyonya ngozi tupu. Digidigi akamwendea Sungura.

"Kaka Sungura, mwanangu hafiki keshokutwa. Nifanyeje?"

"Mdomo wa Fisi umeuona?"

"Umeiva zambarau."

"Sumu gani hiyo inayonenepesha? Twende barazani."

Mbele ya wote Sungura aliinama. "Mfalme, ukoo wa maziwa meupe ni mkubwa, na ndugu hawafanani tabia. Lipo waridi la jangwani, lenye shina nene, lichanualo bila hata jani moja, hilo haliliwi. Upo mtandamboo, wenye miiba. Huo ni chakula." Akachuma tunda, akalitafuna. Wakamngoja afe. Hakufa. "Na upo msunguti, kule kilimani. Maua yake na matunda yake ni kama ya mtandamboo, ila hauna mwiba hata mmoja. Ndio ambao wawindaji huchemsha magome yake wapate sumu ya kupaka mishale. Msiuguse."

"Nilijua zamani," alisema Simba.

Digidigi hakungoja ruhusa. Alikuwa kichakani tayari, anakula.

Fisi, badala ya kuona aibu, aliangua kicheko. "Ati msiuguse! Wimbo huo nimeutunga mimi, leo unaniimbia mimi? Unataka kuumaliza peke yako, ewe mfupi!"

"Nimesema mbele ya mashahidi, Mzee Fisi. Usiuguse."

"Kawafundishe wanao!"

Sungura alimwacha aende. Alijua kwamba aliyezoea kudanganya hawezi kuamini kwamba mwingine anasema kweli.

Fisi alipanda kilima mbio. Akayala matunda ya msunguti, mabivu na mabichi, pamoja na majani na vijiti vyake, akisifu kichaka kisichochoma pua. Akaanza kushuka ili aje kuwacheka. Hatua ya ishirini, miguu ilimgomea. Hatua ya thelathini, alianguka, mdomo wazi, wala hakuinuka tena.

Jioni ile mtoto wa Digidigi alinyonya mpaka akasinzia.

Simba aliutazama mzoga kwa mbali. "Nilijua zamani," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi.